Tanuri, Faneli na Gunzi la Mahindi

Moto wa gesi una tabia mbili mbaya. Ukiutoa kwenye paipu tupu kwa nguvu, huruka mbali na mdomo wa paipu, ukapepea hewani kidogo, kisha ukazimika. Ukiupunguza, hurudi ndani ya paipu ulikotoka na kupigapiga humo, pu-pu-pu, hadi watoto wa jirani hapa Kakamega wakaanza kucheza ngoma ya isukuti nje ya lango langu. Dawa yake ni kuipa paipu mdomo unaopanuka polepole, ili mchanganyiko wa gesi na hewa upunguze mwendo na moto upate pa kushika. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alieleza mwaka 1797 jinsi mwendo na mkandamizo vinavyobadilika paipu inapobanwa na kupanuka. Hakueleza utampata wapi fundi wa kuitengeneza Jumamosi jioni mvua ikinyesha.

Tanuri lilikuwa wazo la shemeji yangu. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ya makaa ilijifunza kupanda na kusahau njia ya kushuka. Yeye alitaka kufua panga kutokana na springi kuukuu za lori, bila makaa. Debe la rangi, udongo ndani yake, paipu ya robo tatu ya inchi, mtungi wa kilo 13, na regyuleta ya nguvu, maana ile ya jikoni hutoa gesi ya kuchemshia chai tu. Kilichobaki ni mdomo.

Vipimo vinavyopendekezwa vinakatisha tamaa: kwa urefu wa inchi 3, upana uongezeke robo inchi tu. Fundi wa kukereza vyuma tuliyemwendea alituangalia kwa huruma. Mtu atatokaje nyumbani na pesa zake alipie kitu ambacho jicho halikioni? Akatuongezea upana, kwa ukarimu. Tulichopewa, shemeji alikiweka mdomoni papo hapo akapuliza wimbo wa Jeshi la Wokovu, beti mbili. Moto wenyewe haukugusa kuta za kitu hicho. Ulisimama katikati ukiyumbayumba, wa manjano, mvivu.

Mama watoto alikuwa na faneli ya alumini ya kumiminia mafuta. Siku hizi anatumia karatasi aliyoikunja. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na tanuri la kufulia chuma linatakiwa kupita 1,000, lakini shemeji alikuwa amepiga hesabu kwamba hewa ingeipoza. Kisha akaja na kipande cha paipu ya maji iliyopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 na moshi wake mweupe humpa mtu homa ya kutetemeka. Usiku ule shemeji alilala chini ya mablanketi mawili, akinywa maziwa na kuilaumu malaria.

Katikati ya haya yote mtungi uliota barafu. Gesi ikigeuka mvuke kwa kasi hunyonya joto la mtungi wenyewe, nasi huku tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, baridi hatuikosi. Mama watoto akaegemeza soda zake pale. Hadi hapo, hiyo ndiyo faida pekee tuliyokuwa tumepata.

Aliyetuokoa ni mama mfinyanzi wa Ilesi, kule kwenye Jiwe Linalolia, barabara ya Kisumu. Alikuja kudai deni la chungu. Akalizunguka tanuri, mikono kiunoni.

“Wanangu, hiki chuma mnakipachika cha nini? Shimo si linapita kwenye udongo?”

Ndivyo ilivyo: mdomo waweza kufinyangwa ndani ya ukuta wa tanuri lenyewe. Akaomba gunzi la mahindi. Akaukanda udongo pamoja na vigae vilivyosagwa, akaujaza palipohitajika, akalididimiza gunzi, akalizungusha na kulichomoa. Nikapima. Inchi 3 kwa robo inchi, labda na unywele.

“Ukauke kivulini wiki mbili,” akasema.

Shemeji alisubiri mpaka mama alipotokomea njiani. Maji yaliyofungiwa kwenye udongo yakishika moto huwa mvuke, na mvuke haubishi hodi. Donge liliruka likampita jogoo kwenye kilemba, na tangu siku hiyo jogoo huyo hawiki upande ule wa boma. Mama akaitwa tena, akalipwa tena, deni la chungu likiwemo. Safari hii aliondoka na regyuleta yetu ndani ya kikapu.

Alipoirudisha, moto ulikaa. Wa bluu, mfupi, ukinguruma kwa sauti moja. Springi ikaiva rangi ya chungwa, shemeji akainua nyundo, na ndipo muuza nyama wa njia panda alipoingia na gunia la vichwa vya mbuzi na miguu, manyoya yakiwa bado.

“Shikamooni. Nasikia mna moto usiotoa masizi.”

Springi ilipoa ikiwa springi. Panga la kwanza bado linangoja nafasi kwenye foleni, nyuma ya vichwa. Malipo huja kwa supu, mama watoto huyahesabu kwa bakuli, na kwa hesabu yake faneli bado haijalipwa.