Sifa za Sampu Inayovuja

Kila mwaka pamba ikishauzwa na wakulima wakishalipwa, Usukuma huingia katika msimu wa kusifu. Manju wa Bagika na manju wa Bagalu, vyama viwili vya ngoma, hukabiliana uwanjani, kila mmoja akijitapa na kumsuta mwenzake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hata viumbe wanaokimbiwa kwingine wana ngoma zao huku: Bayeye hucheza na nyoka, na Banungule wana ngoma ya nungunungu. Ajabu ni kwamba katika nchi yenye vipaji vyote hivyo, bado hajasikika manju aliyesimama kuisifu sampu inayovuja.

Sampu ni lile bakuli la bati lililofungwa chini kabisa ya injini. Kwenye Toyota Probox, gari lililoingia sokoni Japani mwaka 2002 na ambalo sehemu nyingi za Tanzania sasa linaitwa mchomoko, bakuli hilo hutunza kati ya lita tatu na nne za oili. Pampu huinyonya oili hiyo kupitia chujio lililozama humo ndani, huisukuma hadi kwenye beringi za krenki na juu kwenye kamshafti, kisha oili hushuka yenyewe kurudi ilikotoka. Ndiyo maana sampu lazima ikae chini kuliko wote. Taa zina mng'aro wake, honi ina sauti yake, redio ina wasikilizaji wake. Sampu hupokea masazo ya krenki na kamshafti, yakiwa ya moto na machafu, na kuyarudisha kazini bila kudai hata kufutwa vumbi.

Simiyu ndiyo mahali pa kuielewa kazi hiyo. Mkoa huu uliozaliwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikitoka Shinyanga, una lami nzuri ya kutoka Lamadi hadi Bariadi, kiasi cha kilomita 72, na nyingine inayoendelea kupitia Maswa hadi Mwigumbi. Kwenye lami sampu haina cha kuonyesha. Heshima yake huanzia pale lami inapoishia, kwenye njia za kwenda ndani ya Itilima na Meatu. Vilimani kuna majabali ya matale na mchanga ambao Wasukuma huuita luseni. Mabondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba na kunasa matairi wakati wa mvua, kisha kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Lori la pamba likipita kabla mbuga haijakauka, huacha mifereji miwili yenye tuta katikati. Jua likishaliivisha tuta hilo, huwa gumu kama tofali la kuchoma. Lori linalofuata hulivuka bila hata kulijua. Mchomoko uliobeba abiria kuzidi viti vyake, na magunia nyuma, hulipanda kwa tumbo. Bampa hupita salama, mlango hupita salama, abiria hurushwa kidogo wakacheka. Anayeisalimia ardhi ya Simiyu kwa niaba ya wote ni sampu.

Sifa yake ya kwanza ni ukweli. Kwenye dashibodi ipo taa nyekundu yenye picha ya kibirika, na madereva wengi huamini kwamba kazi yake ni kuonya oili inapopungua. Sivyo. Kwenye magari mengi taa hiyo husikiliza mgandamizo wa oili, haijui kiasi kilichobaki. Ikiwaka gari likiwa mwendoni, mara nyingi pampu imeshaanza kunyonya hewa, chuma kinasugua chuma, na injini kunoki ni suala la dakika. Taa hiyo husema ukweli, lakini huusemea msibani. Sampu hutoa taarifa mapema, tena kwa maandishi: doa jeusi kwenye vumbi la uani, asubuhi, mahali pale pale gari lilipolala. Doa likikua, mwenye gari ameshajua cha kufanya, na kijiti cha kupimia oili kitamwambia amechelewa kiasi gani.

Ipo sampu nyingine ambayo haistahili kusifiwa, ingawa wenye magari huipenda: ile iliyobonyea bila kuvuja. Hiyo ni mnafiki. Kwa nje kumekauka kabisa, ilhali kwa ndani bati lililoingia limesogelea mdomo wa chujio na kuibana njia ya oili. Injini hufa na njaa ikiwa imezungukwa na chakula, wala hakuna tone chini la kutoa ushahidi. Ukilinganisha na huyo, mvujaji ni muungwana.

Tena ana subira. Gari likipata ufa mdogo wa sampu njiani kati ya Mwanhuzi na Bariadi, dereva mzoefu hutafuta duka la karibu na kununua sabuni ya mche. Huikanda kwa vidole, huifutika kwenye ufa na kuipigapiga kwa kiganja. Sabuni haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na oili ikichemka italainika, lakini sampu hukubali kubembelezwa hivyo hadi mahali penye fundi. Radieta iliyopasuka haina moyo huo, wala mkanda uliokatika.

Na hakuna kifaa kingine chenye kuvuta watu kama hiki. Mtu akilala chali chini ya gari uani kwake mjini Bariadi, miguu ikiwa nje, hatakaa peke yake. “Mwangaluka!” husalimia jirani wa kwanza, kisha akachuchumaa. Wa pili huuliza gari lina nini, na kabla hajajibiwa anasema ni sili. Wa tatu anamjua fundi. Wa nne anamjua mtu aliyempa gari fundi huyo huyo, na anaomba lisipelekwe. Bagika na Bagalu hufanya mazoezi ili kupata umati. Sampu huupata kwa matone machache.

Ukarimu wake mkubwa zaidi hujificha katika jambo hili: mara nyingi haina kosa. Kwa kuwa iko chini, kila oili inayotoka juu hupitia usoni pake. Gasketi ya kava ya tapeti ikichoka, oili hutelemka ubavuni mwa injini na kuning'inia kwenye sampu. Swichi ya oili ikivuja, au filta ikiwa haikukazwa, au sili ya nyuma ya krenki ikiwa imekakamaa, lawama ni ya sampu. Haijitetei. Ndiyo maana anayetaka kutenda haki husafisha injini yote kwanza, huendesha gari kidogo, kisha hurudi na tochi kufuata unyevu kuanzia juu kwenda chini. Wapo waliobadilisha sampu nzima kwa sabuni, jasho na fedha, na asubuhi wakalikuta doa pale pale.

Ikithibitika kwamba ni yenyewe, ndipo huonyesha unyenyekevu wake, kwa sababu kuitengeneza ni moja ya kazi ambazo mtu anaweza kuzifanya nyumbani. Kwenye injini ya 1NZ-FE ya Probox, nati ya kumwagia oili hufunguliwa kwa spana namba 14, na bolti ndogo zilizoizunguka sampu ya bati kwa spana namba 10. Gari hupandishwa kwa jeki kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, magurudumu yanayobaki chini huwekewa mawe, na mwili wa gari hukalishwa kwenye stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi. Ikiteleza, haimsubiri mtu atoke. Oili humwagwa ikiwa ya uvuguvugu, kwenye dishi ambalo halitarudi jikoni.

Bolti zote zikishatoka, sampu haitoki. Hapo ndipo wengi huipiga bisibisi kwa hasira na kuipinda midomo, au kuikwaruza injini ya aluminiamu inakokutana nayo. Imeshikwa na silikoni ya kiwandani, nayo hutaka kisu chembamba kizungushwe polepole, na kugongwa ubavuni kwa kipande cha mbao. Ikiachia, huja na oili kidogo iliyobaki, ambayo kwa desturi humwagikia mkononi na kuingia hadi kwenye kwapa.

Silikoni ya zamani hukwanguliwa, nyuso zote mbili hupanguswa kwa petroli hadi zikauke, na silikoni mpya huwekwa uzi mmoja usiokatika, wa milimita tatu hivi, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Ukarimu haufai hapa. Silikoni iliyozidi hubinyika kuingia ndani, hukauka, humeguka, na kipande chake huishia kwenye chujio. Sampu hurudishwa mara moja kabla silikoni haijaanza kushika, bolti hukazwa kwa kupishana na kwa mkono mwepesi, maana ni nyembamba na hukatika, kisha gari huachwa litulie saa kadhaa kabla ya kumiminiwa oili. Sehemu hii ya kusubiri ndiyo inayowashinda wengi, hasa jirani wa kwanza akiwa bado amechuchumaa akiuliza kwa nini lisiwashwe.

Ukoo wake ni wa heshima. Ford Model T ya mwaka 1908 haikuwa na pampu ya oili. Gurudumu la injini lenyewe ndilo lililochota oili kutoka kwenye sampu na kuirusha, na sehemu nyingine zikapata mgao kwa marusho hayo. Kuhusu Land Rover, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, madereva wana mzaha wao: isiyovuja imeishiwa oili.

Wabishi watasema kwamba msifiwa huyu huchafua. Wana hoja. Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, huonya kwamba oili chafu inayotolewa kwenye injini moja tu ikimwagwa ovyo yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji matamu, na Mto Simiyu, uliolipa jina mkoa, humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria kwenye Ghuba ya Speke. Matone ya uani husubiri mvua ya kwanza kuanza safari hiyo. Kwa hiyo chini ya gari huwekwa dishi, na oili chafu hutiwa kwenye dumu lenye kifuniko na kupelekwa gereji kubwa inayoikusanya. Wengine huipaka kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa, na mchwa kweli hukimbia. Ila oili hiyo hushuka udongoni, na nguzo ya karibu na kisima haifai kabisa kupewa dawa hiyo.

Siku hizi kuna wanaotaka kuistaafisha sampu kwa kuifungia sahani ya chuma chini yake. Mawe ya Itilima huishia kwenye sahani, na hilo ni jema. Lakini matone nayo huishia hapo hapo: hukusanyika juu ya chuma, hunywa vumbi, huwa tope, na uani hubaki safi huku oili ikipungua. Mwenye gari aliyezoea kusoma doa la asubuhi sasa hana pa kulisoma. Basi anayepeleka gari kufungiwa sahani aagize itobolewe matundu mawili: moja kubwa usawa wa nati ya kumwagia, ili spana namba 14 ipite, na jingine dogo pale chuma kinapoinama zaidi, ili sampu iendelee kutoa taarifa zake.