Kasi Nane za Wageni

Shoga, nasikia unatafuta mashine ya kukandia unga wa mkate, na swali lako la kwanza dukani lilikuwa rangi. Haya. Muuzaji akakusomea wati 1,000, macho yakakutoka. Hakukwambia kuwa wati ni umeme inaoula, si nguvu inayofika kwenye ndoano ya kukandia. Kasi 10 utazilipia, ilhali kijitabu cha mashine za KitchenAid chenyewe kinasema unga wa hamira usipite kasi ya 2. Hizo nane ni za wageni kuzihesabu. Uzito wake umeuliza? Mashine nyepesi ikipewa donge gumu hutembea mezani, nawe umeikumbatia mpaka unga ulainike. Na mkate wenyewe unauoka lini? Maana hamira uliyonunua Ramadhani iliyopita bado haijafunguliwa.