Kwa Wajumbe wa Kamati, Juu ya Lugha Isiyo na Soko

Ila janabu wajumbe watukufu wa Kamati ya Mitaala, Mwenyezi Mungu awadumishie viti vyenu na posho za vikao vyenu. Ama baad, waraka wenu umenifikia salama, nami mja dhaifu, niliyesomesha Kiarabu chuoni humo hata nikastaafishwa na magoti, nimeusoma mara tatu nikiistaajabia hekima iliyomo: kwamba Shahada ya Lugha ya Kiarabu na Utamaduni wake ifungwe, kwa kuwa haina soko na kwa kuwa lugha yenyewe ni ya madrasa, na mahali pake pashikwe na kozi ya wiki sita iitwayo Kiarabu cha Ajira.

Kwa utiifu wangu nilianza utekelezaji jioni ile ile. Nilikata katika waraka wenu kila neno tulilolipata kwa Waarabu. Ikaondoka shahada, ikaondoka lugha, likafuata soko, na ajira nyuma yake, vikasalia imara chuo, wiki, na kwa kuwa. Hesabu nayo ilinitoa jasho, maana sita, saba na tisa zilikwenda, na ishirini hadi mia na elfu zikaandamana nazo, hata sijui posho ya shilingi elfu sitini itaandikwaje katika daftari, ambalo nalo halipo tena. Lakini lililonihuzunisha zaidi ni neno mahali, ambalo wanasarufi wamelijengea ngeli nzima ya PA wala wasilipe jirani hata mmoja, na kumbe mwenye nyumba huyo wa pekee ni mgeni wa Kiarabu. Mkimhamisha, ngeli itabaki gofu.

Kuhusu madrasa, sitaki kubishana na wakubwa. Nataja tu kwamba kamusi ya Al-Munjid, ambayo nimeiona kwa macho yangu katika rafu za masheikh wasioonja chai bila ya bismillahi, ilichapwa mara ya kwanza Beirut mwaka 1908, na mtungaji wake, Louis Maalouf, alikuwa padri Mjesuti. Na Al-Jahidh wa Basra, katika karne ya 9, alitunga kitabu kizima juu ya mabakhili, nacho nilikuwa nikikisomesha mwaka wa tatu, kwa raha ya pekee miezi ya bajeti.

Hizo wiki sita, waheshimiwa, wanafunzi wangu hawakuziona kuwa zatosha kujifunza hata kuifungua kamusi. Kwani atafutaye maktaba hamkuti chini ya mimu, bali humkuta chini ya kafu, ta na ba, amekaa na nduguze kitabu, katibu na mkataba, na mpaka mtu aijue nasaba hiyo, pamoja na wingi unaovunja neno vipande na vitenzi vyenye herufi dhaifu zinazotoweka kila zikiguswa, mwaka umekwisha na macho yamekuwa mekundu. Kisha akifika Cairo, akamwamkia dereva wa teksi kwa ufasaha wa vitabuni, dereva humtazama kama konda wa daladala amtazamavyo abiria aombaye kushushwa kwa beti za Muyaka. Hapo ndipo somo la utamaduni linapoanza, na ndipo kozi yenu itakapokuwa imekwisha kutoa vyeti.

Sasa niruhusuni nitaje jambo la sanduku, maana mji mzima walijua. Ilifika chuoni barua ya Kiarabu kutoka Ghuba, na kwa kuwa mwalimu wa mwisho alikwisha kuondolewa, ikapewa karani mmoja, kijana mwadilifu aliyehitimu juzuu thelathini utotoni, naye akalitambua ndani yake neno sanduku, limerudiwa mara nne, akatangaza kwamba chuo kinaletewa sanduku. Gari likatumwa bandarini na dereva, na mlinzi, na mjumbe mmoja aliyevaa suti. Wakangojea meli siku mbili juani. Siku ya tatu nikaitwa mimi. Nikawaeleza kwamba kwa Waarabu sanduku ni kasha, na ni mfuko wa fedha vilevile. Hata lile Shirika la Fedha la Kimataifa lililoko Washington, kwao ni sanduku. Na mfuko ulioandika barua ile uliuliza kama chuo kina idara ya Kiarabu inayostahili kufadhiliwa. Kimya kilichofuata sijapata kukisikia hata mazikoni. Nikapewa soda, nikarudi zangu.

Msidhani kwamba nawalaumu. Waingereza walianzisha kiti cha Kiarabu Oxford mwaka 1636, wala sidhani kwamba walikuwa na mtalii hata mmoja wa kumtembeza. Basi na tuwaachie kazi ya kukisoma Kiarabu walioizoea. Tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, nuskha yake iko London, na ni Mwingereza, Arthur Strong, aliyeichapisha mwaka 1895. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, nayo tuwaachie hao hao watusomee. Na hati za wakfu za babu zetu, na barua zao za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, tutazifunga kwa kamba tuzipeleke huko huko, tuwaombe watujulishe nyumba ipi ilikuwa ya nani.

Juu ya Kiarabu cha Ajira nina shauri moja tu. Nimeona katika ratiba yenu kwamba binti aendaye kufanya kazi za nyumbani Ghuba atafundishwa kusema hadhir, na naam, na majina ya vyombo vya jikoni. Kuusoma mkataba anaoutia kidole hakumo. Mmefanya vyema. Kuusoma ni kazi ya shahada, na shahada haina soko.

Nimebakisha dogo. Barua ya pili ya sanduku lile imeletwa kwangu moja kwa moja, bila ya shaka kwa kosa la karani wao, na iko hapa mezani, nimekwisha kuifungua na kuisoma. Nitaileta pindi kamati itakaponiarifu niilete mahali gani, ikiwa neno hilo bado ni halali kutamkwa.

Wasalaam.