Kinanda Kilichokunywa Siki

Mume wangu alitumwa friji, akarudi na kinanda. Pesa ilikuwa ya mchezo, zamu yangu ya kupokea ilikuwa imefika, na wanawake wenzangu wa Zegereni, hapa Kibaha, walishuhudia nikimkabidhi noti mkononi. Asubuhi alipanda gari Visiga kwenda Dar es Salaam, kule wanakofungua makontena ya vitu vilivyotumika kutoka Japani. Jioni zikaingia uani bodaboda mbili: ya mbele imembeba yeye, ya nyuma imebeba kitu kirefu kilichoviringishwa blanketi. Mama mkwe alikuwa barazani akipepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Friji gani hilo la kulala?"

"Shikamoo mama," akasema mume wangu. Mtu mzima akiikimbilia shikamoo kabla ya jibu, ujue jibu halina heri.

Kilikuwa kinanda cha Korg, aina ya Polysix. Habari zake nilikuja kuzijua zote, kama mke mkubwa anavyozijua habari za mke mdogo. Kilitoka mwaka 1981. Kina vitufe 61, mbao pembeni, na uso mweusi uliojaa vinobu. Kinapiga noti sita kwa pamoja, na kila noti ina saketi yake ya kuitoa. Wakati huo hilo halikuwa jambo dogo. Minimoog ya Robert Moog, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970 na kupewa sifa dunia nzima, hupiga noti moja tu kwa wakati. Prophet-5 ya mwaka 1978 hupiga tano, lakini bei yake ilikuwa ya matajiri. Korg wakaja na noti sita kwa chini ya dola 2,000, karibu nusu ya bei ya Prophet, na wapigaji wa kawaida wakapumua.

Hayo yote mume wangu aliyaeleza akiwa amesimama mlangoni, blanketi bado mkononi. Ujana wake aliupitisha akipiga kinanda kwenye vikundi vya taarab ya kisasa, miaka ile ya 1990 ambapo East African Melody na TOT walikuwa wameshaonyesha kwamba kinanda na gitaa vinaweza kushika nafasi ya safu nzima ya fidla. Siku hizi anafanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja hapa hapa Zegereni. Nilidhani mambo ya vinanda ameyaacha Temeke alikonikuta.

"Kinanda kipo ndani," nikamwambia. "Kile cha plastiki, kina mpaka sauti ya mbwa."

"Kile kina sauti za kurekodiwa. Hiki hakina sauti hata moja ndani yake."

"Sasa umenunua nini?"

Alichonunua, alivyonieleza kwa kituo, ni umeme unaotikisika. Ndani ya kinanda cha analogi kuna saketi inayoupandisha na kuushusha umeme mara mamia kwa nukta, na kasi ya kupanda na kushuka ndiyo noti yenyewe. Kuna nyingine inayochuja, inakata ukali na kubakiza uzito. Ukizungusha kinobu unaubadilisha umeme wenyewe wakati unapita, ndiyo maana si rahisi watu wawili kupata sauti moja kutoka kwenye mashine moja. Nikamuuliza kama umeme huo unaotikisika unaweza kugandisha samaki. Hakujibu.

Shemeji yangu, mdogo wake, ndiye aliyekichomeka. Na yeye ni wa kiwandani, kwa hiyo anajiona injinia. Nyuma ya kinanda paliandikwa volti 100, maana ndio umeme wa Wajapani. Wetu ni 230. Kikalia tap, kikanyamaza: fyuzi imekatika, imefanya kazi yake, imekinga mashine. Hapo mtu mwenye akili huchomoa, anakaa. Shemeji akatoa karatasi ya fedha kwenye pakiti ya sigara, akaiviringisha kwenye fyuzi, akarudisha. Moshi ulitoka kwenye matundu ya juu ukiwa na harufu ya vanishi, mama mkwe akapiga kelele ya "Moto!", na majirani waliokuwa wamelala baada ya zamu ya usiku wakaja na ndoo.

Fundi aliyeitwa anakaa Kongowe, ni Mnyamwezi wa Tabora, na mama mkwe ni Mzaramo wa Kisarawe. Wajuao watajua. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe, na mtani akikuta msiba hana adabu. Yule bwana alinusa mlangoni, akaomba kanga, akakifunika kinanda kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaketi chini akaanza kulia kwa sauti. Akasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Akasema hazikwi mpaka Wazaramo watoe chochote.

"Babu zako walibeba mizigo mpaka Bagamoyo," mama mkwe akamjibu, "wewe unashindwa kubeba kinanda kimoja?"

"Wangefika mapema, bibi, kama babu zako wasingewadai hongo kila kijiji."

Akapewa elfu mbili, maiti ikafunuliwa.

Transfoma ilikuwa imeungua upande wa kuingizia umeme. Ningekuwa mimi ningeshukuru Mungu na kukiuza kwa wakusanya vyuma. Lakini hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini vitu hivi havifi. Transfoma ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma, na Maili Moja wapo vijana wanaosuka mota za pampu na za mashine za kusaga kila siku ya Mungu. Walipelekewa transfoma, wakafungua, wakahesabu mizunguko, wakaisuka upya, safari hii kwa volti 230. Kinanda kilichozaliwa Mjapani kikapewa tumbo la Kibaha. Jaribu kumpelekea msuka mota simu yako iliyokufa uone atakuangaliaje.

Kumbe moshi haukuwa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa ndani, wa zamani, na ulikuwepo hata kabla shemeji hajapata akili za sigara. Fundi alipofungua kifuniko alitoa mluzi. Kwenye bodi moja palikuwa na betri ndogo ya nikeli na kadimiamu, na kuizunguka paliota ukoko wa kijani na buluu. Vijia vya shaba vilivyopita hapo vilikuwa vimeliwa.

Polysix hukumbuka mipangilio ya sauti 32. Ukipata sauti nzuri unaihifadhi, na betri ndiyo inayolinda kumbukumbu umeme ukizimwa. Sasa betri za aina ile zikizeeka huvuja, na kinachovuja ni alkali kali inayokula shaba polepole, mwaka baada ya mwaka, hata kinanda kikiwa kimefungwa kwenye boksi. Ndiyo maradhi ya Polysix duniani kote. Ukikuta ambayo haijawahi kuguswa, fungua kwanza bodi hiyo. Minimoog ya zamani haina shida hii kwa sababu haikumbuki chochote. Mpigaji alichora kwenye karatasi vinobu vilikaa wapi, akaenda kulala.

"Mama, kuna siki?" fundi akauliza.

Alkali inatulizwa na asidi, na asidi ya nyumbani ni siki au ndimu. Chupa iliyokuwepo ilikuwa ya mama mkwe, ya achari yake ya embe, na embe zenyewe zilikuwa zimeshakatwa na kutiwa chumvi, zimeanikwa juu ya bati. Alikuwa ametoka kidogo kumjulia hali jirani. Aliporudi chupa ilikuwa tupu, ndimu za kachumbari zimekamuliwa, fundi anasugua bodi kwa mswaki wa binti yangu huku povu dogo likitoka, na chumba kizima kinanuka saladi.

Sitaandika yaliyosemwa. Yalikuwa ya Kizaramo, na hata mtani alinyamaza.

Baada ya siki bodi ilioshwa kwa spiriti ya duka la dawa, ikakaushwa juani. Vijia vilivyoliwa vikarukwa kwa nyuzi nyembamba zilizochunwa kwenye waya wa simu ya mezani, kila uzi ukilehemiwa huku na huku. Mahali pa betri ya zamani pakawekwa ile ya lithiamu ya duara, ya kwenye kompyuta, pamoja na dayodi ya kuzuia umeme usirudi kuichaji, kwa sababu lithiamu ya aina hiyo ikichajiwa inaweza kupasuka. Volyumu zilizokuwa zikikwaruza zikapuliziwa dawa. Kapasita zilizokauka zikabadilishwa, maana hizo nazo zina maji ndani na umri wake unahesabika.

Binti yangu aliitazama kazi hii yote, mswaki mpya mkononi, akamwambia baba yake kwamba Polysix ipo kwenye kompyuta. Hakukosea. Korg wenyewe waliitengeneza kama programu, wakaitoa mwaka 2004 pamoja na kinanda chao kingine, MS-20. Haivuji, haitaki siki.

"Hiyo ya kompyuta," akauliza mama mkwe, ambaye alikuwa hazungumzi na yeyote tangu achari, "ikiharibika utaifungua kwa bisibisi gani?"

Sikutegemea aseme hivyo, na hakika sikutegemea yaliyofuata. Mume wangu aliwasha, akakiacha kipate joto, kisha akawasha Ensemble. Ni saketi inayoigawa sauti moja na kuichelewesha kidogo kidogo mpaka inanenepa na kuwa nyingi. Akapiga taratibu, mkono mmoja. Zikatoka fidla. Si fidla za kweli, na asiyejua fidla angeweza kuziita nzi wa embe. Lakini mama mkwe amekulia kwenye redio, anazijua taarab za Unguja za zamani pamoja na majina ya wapigaji. Akasogeza kigoda. Akaagiza wimbo. Akaagiza mwingine. Kuanzia hapo kinanda kikawa na mwanasheria ndani ya nyumba, na mimi nikabaki na mashtaka yangu ya friji.

Huko duniani nako watengenezaji wamerudi kwenye analogi. Korg waliitoa upya MS-20 mwaka 2013, Moog wakaitoa upya Minimoog mwaka 2016, Prophet-5 ikarudi 2020. Mume wangu huitaja miaka hiyo akitaka kunionyesha kwamba hakuwa mwendawazimu peke yake. Humtaja pia Hailu Mergia, Mhabeshi aliyehamia Marekani, akarekodi mwaka 1985 kanda yenye kodiani na Moog, kisha akaishia kuendesha teksi uwanja wa ndege wa Dulles, kinanda kwenye buti, akifanya mazoezi akisubiri abiria. Kanda ilitolewa upya mwaka 2013, naye akarudi jukwaani akiwa mtu mzima. Hadithi nzuri. Nikamkumbusha kwamba yule kwanza aliendesha teksi.

Shida ya Zegereni ni vumbi na bati. Malori ya viwanda yanapita kutwa, na vumbi lao huingia chini ya vitufe hadi noti inagoma kulia. Sasa kinanda kinavaa kanga ile ile ya msiba. Bati ni kesi kubwa zaidi. Transista inayogeuza volti kuwa noti inasikia joto, kwa hiyo saa saba mchana, bati likipamba moto, kinanda huanza kuhama. Saketi zile sita hazihami kwa pamoja. Ya nne ndiyo yenye kichwa kigumu.

Tuliligundua hilo vizuri harusini Misugusugu. Turubai, jua, kinamama wameshika noti tayari kutuza. Kinanda hukipa kila kitufe kinachobonyezwa saketi inayofuata, kwa zamu, kwa hiyo saketi moja ikipotoka kila noti ya sita inatoka kombo, popote utakapoiweka. Mume wangu akibadilisha ufunguo, kombo lipo. Akihamia juu, lipo. Shangazi wa bibi harusi akasema kwa sauti kwamba kile kitu kina jini, na jini lenyewe linapanda kwa mpangilio. Shemeji akajitolea kukitazama, akashikwa mkono na mama mkwe. Mwishowe kifuniko kilifunguliwa katikati ya wimbo, mwimbaji akirudia kiitikio bila kuchoka, fundi amelala kifudifudi juu ya mashine akiitafuta skrubu ya saketi ya nne kwa bisibisi ya testa. Alipoipata, kinamama wakamtuza yeye. Alipata pesa nyingi kuliko mpigaji.

Nyumbani sasa kuna utaratibu. Kinawashwa mapema kabla ya kupigwa, kipate joto na kutulia. Mpwa wetu, kijana wa singeli, haruhusiwi tena kukigusa usiku, tangu alipogundua swichi inayopiga noti zenyewe moja baada ya nyingine, akaikimbiza kwa mwendo wake wa singeli mpaka mjumbe akaja amevaa msuli. Mume wangu anaweka akiba ya vinobu. Mimi naweka akiba ya friji, kwenye akaunti asiyoijua namba yake ya siri.

Masika yameanza na saketi ya nne imeanza tena. Fundi amepiga simu kwamba atakuja Jumamosi kuikagua bodi, asije akakuta ukoko umerudi. Mama mkwe akaichukua simu mkononi mwangu, akamwamkua vizuri, akamuulizia watoto na mifugo, akamuulizia mpaka mvua za Tabora. Kisha akamwambia aje na ndimu zake.