Yah: Ombi la Kurudishiwa Muuaji Wetu

Kwa Mheshimiwa Afisa,
Dawati la Vibali, Ghorofa ya Pili,
Dar es Salaam.
(Jina la ofisi nimelifunika, kama mlivyotuagiza tufunike kila nembo inayosomeka kwenye picha.)



Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni yule mwanafunzi mwembamba mwenye begi la mgongoni, aliyekaa kwenye benchi nje ya mlango wako mpaka mlinzi akawa ananiagizia chai bila kuuliza sukari vijiko vingapi. Nianze na shukrani. Chuoni tumefundishwa taharuki muhula mzima. Mwalimu alichora ubaoni mstari unaopanda, akasema mtazamaji asijue kinachofuata, asijue nani msema kweli, na kila akidhani mambo yamekwisha, ndipo yaanze. Sikumwelewa mpaka nilipofika kwenu. "Njoo Jumatano." Jumatano nikaambiwa mhusika yupo kwenye kikao. Wiki ya pili mhusika ametoka kikaoni, faili ndilo limeingia. Wiki ya tatu faili limetoka, mfumo uko chini.

Alfred Hitchcock alitisha watu kwa miaka hamsini na hakuwahi kufikiria mfumo kuwa chini. Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1976, mwaka ule ule ilipotungwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza hapa kwetu. Nahisi kijiti kilipokezwa.

Siilaumu sheria ile kwa umri wake. Mwaka 1976 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Tulisubiri mpaka 1994. Aliyetaka kutengeneza filamu alihitaji kamera nzito, mikanda ya kuagiza nje na maabara ya kuisafisha, kwa hiyo serikali ilijua watengenezaji wote kwa majina na pengine hata kwa chakula wanachopenda. Leo kila abiria wa daladala ana kamera mfukoni. Fomu yenu, hata hivyo, bado inamsubiri yule mtu wa mikanda. Inauliza idadi ya magari ya msafara. Tuliandika: sifuri. Inauliza hoteli watakayofikia wasanii. Tuliandika: kwao. Ikarudi na alama nyekundu: "Fafanua."

Nafafanua sasa. Filamu inaitwa *Chenji*, dakika 22. Msichana wa chuo anapanda daladala ya Mbagala usiku, konda anamrudishia chenji, na kwenye noti ya elfu mbili pameandikwa kwa wino mwekundu: "Usishuke kituo cha mwisho." Nani kaandika, na kwa nini noti imfikie yeye, ndiyo hadithi yenyewe. Bajeti shilingi 640,000, watu wanane kila mmoja 80,000, zote zikitoka kwenye bumu, mkopo wetu wa chuo. Kwa hiyo, Mheshimiwa, sisi tulikuwa watayarishaji, wawekezaji na wenye njaa kwa wakati mmoja.

Kamera tuliazimwa na jamaa anayepiga picha za harusi. Ilipatikana Jumatatu hadi Alhamisi tu, maana Ijumaa hadi Jumapili ina kazi ya heshima zaidi. Naye alikubali kuishika mwenyewe, ila mkono wake umezoea ukumbini: kila mtu akisimama, anamfuata usoni taratibu kana kwamba anakwenda kutunza. Tuna tukio la mauaji ambamo marehemu anaonekana kama bibi harusi. Kipaza sauti tulikifunga kwenye mpini wa ufagio. Damu ilikuwa juisi ya rozela iliyokorogwa na wanga. Iliiva vizuri sana kwa macho, lakini nzi nao walikuwa na macho. Masharubu ya muuaji yalitoka saluni, nywele za bandia zilizokatwa na kubandikwa kwa gundi ya kope, na kila akitokwa na jasho upande wa kushoto ulimdondokea mdomoni. Nakuomba uyakumbuke masharubu hayo. Nitayarudia.

Sasa tuje kwa muuaji mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye hasa tuliyeshirikiana kumtengeneza.

Katika muswada wa kwanza alikuwa askari mstaafu. Mkakataa, sare haichezewi. Tukampa kazi ya udereva. Mkasema madereva wana umoja wao, watalalamika. Mganga wa kienyeji? Kuchochea imani potofu. Daktari? Wananchi wataogopa hospitali. Mhasibu wa serikali hakumaliza hata sentensi. Mhasibu wa kampuni binafsi mkauliza kampuni gani. Mfanyabiashara angewatisha wawekezaji, mchungaji na shehe sikuwataja hata mimi, na mwanafunzi, mkasema, angechafua taswira ya elimu ya juu. Nikarudi bwenini tukakaa wanane, tukahesabu nani katika nchi hii amebaki bila wa kumsemea. Asubuhi nikaleta kijana asiye na kazi. Mkampitisha siku hiyo hiyo! Mhuri uligongwa kwa nguvu mpaka chai ikatingishika kwenye kikombe.

Mtazamaji wetu si mjinga, Mheshimiwa. Akiona kwenye daladala kuna askari mwema, dereva mwema, daktari mwema na mama muuza samaki mwema, halafu kiti cha nyuma kuna kijana asiye na kazi mwenye masharubu, anajua kila kitu dakika ya pili. Zilizobaki 20 anaangalia mandhari.

Kwa bunduki mliyotukatalia nakiri mlikuwa na haki. Kijana anayekimbia barabarani Mbagala na bastola ya plastiki hamfikii mkurugenzi wa filamu. Anakutana kwanza na wananchi wenye hasira kali. Mlisema pia noti isiandikwe, ni mali ya taifa, nasi tukaandika kwenye karatasi tuliyoibandika juu ya noti. Mlipouliza karatasi ni mali ya nani nilitoa risiti.

Siku moja pale kwenye benchi niliota wenzetu wa nje wamepangwa foleni nami. Wa kwanza Christopher Nolan, aliyetengeneza *Following* London kwa pauni elfu chache tu, ikatoka 1998. Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, na ilipigwa Jumamosi tu, karibu mwaka mzima, kwa sababu waigizaji walikuwa na kazi zao katikati ya wiki. Mazoezi yalifanywa mpaka kila tukio liingie mara moja au mbili, mkanda usiharibike. Ungemuuliza kibali cha Jumamosi ngapi? Kibali chetu kilikuwa cha siku saba mfululizo, mvua inyeshe isinyeshe. Nyuma yake Robert Rodriguez. *El Mariachi* ya mwaka 1992 ilimgharimu dola 7,000 hivi, na sehemu ya fedha aliipata kwa kujikodisha kwenye majaribio ya dawa huko Texas. Alipovuka kwenda kupiga picha Ciudad Acuña, Meksiko, polisi wa pale walimwazima bunduki za kweli. Nilipofika hapo kwenye ndoto nikaamka mwenyewe, maana hata ndoto ina mipaka.

Wa tatu ni jirani. Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010 kwa fedha ambayo watu husema haikuzidi dola 200. Helikopta aliichora kwenye kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe. Ila somo lake kubwa kwangu ni la soko: waigizaji wake walibeba DVD na kuziuza nyumba kwa nyumba, haraka haraka, kabla wezi wa nakala hawajaamka. Mtu aliyeuawa kwenye filamu anakugongea mlango kukuuzia kifo chake. Hakuna tangazo linaloshinda hilo.

Sisi hatukuwa na DVD. Mwaka 2013 zilibandikwa stempu za kodi ili haki ya msanii ilindwe, na DVD zenyewe zikafa muda si mrefu, si kwa sababu ya stempu bali kwa sababu ya flash. Stempu ilibaki inalinda jeneza. Hivyo tulitundika shuka ukutani bwenini, tukaionyesha filamu kama zoezi la darasa, wakaja watu 34. Umeme ulikatika dakika ya 19. Wakakaa gizani wakisubiri, na nadhani ndiyo taharuki pekee tuliyopata bila kuomba kibali.

Kuionyesha kwa umma ilibidi ipangiwe daraja la umri. Nikajaza fomu. Nikasubiri namba ya malipo ili nilipie, nikabidhi filamu, mkae muitazame. Namba haikutoka, mfumo ukawa chini. Kwa hiyo filamu haikukabidhiwa. Naomba sana jambo hili ulishike, Mheshimiwa: mpaka leo ninapoandika, ofisi yenu ina muswada wetu wenye mihuri mitano, lakini filamu yenyewe hamjawahi kuipokea.

Katika kusubiri nilipeleka flash steshenari kuchapa ripoti ya chuo. Kila mwanafunzi anajua flash ikiingia steshenari hutoka na mambo mawili: kirusi, na upweke wa kutokuwa tena na siri. Wiki tatu baadaye natoka kwenu, nimeambiwa njoo Alhamisi, nikapita kwa yule kijana anayejaza muvi kwenye flash chini ya mwembe, hatua arobaini kutoka lango lenu, nimezihesabu. Mia tano kwa muvi. Kwenye orodha yake, kati ya muvi za Kikorea na za Kihindi, nikaona: *Chenji ya Kifo, Sehemu ya Pili*.

Hatukuwahi kutengeneza sehemu ya kwanza.

Nililipa mia tano yangu kununua filamu yangu. Kumbe ilikuwa imeshapitia kwa DJ wa kutafsiri muvi. Unaijua jadi hiyo, ya kina Lufufu, waliowafanya Wachina na Wahindi waongee Kiswahili cha mtaani mpaka mabibi zetu wakadhani Bombay iko njia ya Morogoro. Huyu wa kwetu alikuwa ametafsiri filamu ya Kiswahili kwa Kiswahili. Msichana akisema "nashuka," DJ anasema juu yake, "anasema anashuka, lakini wapi, dada yangu, hujui!" Steringi akapewa jina. Mwanga wetu mbovu akaugeuza mpango wa adui. Na muuaji wetu, ambaye kwenye muswada hana jina na wala hatamki neno, DJ alipoona upande wa kushoto umedondoka akapiga kelele: "Masharubu! Masharubu huyo!" Mpaka mwisho akawa Masharubu. Kusema kweli ilikuwa bora kuliko yetu. Vibanda umiza vya Temeke vilijaa, nimepita mwenyewe, nikasikia watoto barabarani wakiitana hivyo.

Yule kijana wa mwembe hana fomu. Hajawahi kuulizwa magari ya msafara. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamhusu, lakini kivuli cha mwembe ni kizuri na sheria haijapita pale. Mimi mnanijua jina, baba, babu, namba ya kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa na ya mkuu wa idara. Yeye anajulikana kwa muvi zake mpya tu, na anafungua saa moja asubuhi, kabla yenu. Nikataka kumkasirikia nikashindwa: kati yenu wawili, yeye ndiye aliyeifikisha kwa watu.

Ndipo Ijumaa iliyopita nikapokea barua yenu, yenye mhuri na saini, ukurasa mmoja na nusu. Aya ya kwanza inakumbusha kuwa ni marufuku kwa mtu yeyote kuitazama filamu hii kabla haijapangiwa daraja. Nakubaliana nayo. Aya ya pili inaagiza, nainakili kama ilivyo: "Sehemu ya pantoni iondolewe." Aya ya tatu: "Mhusika Masharubu apunguziwe vitisho, hasa pale anapocheka."

Mheshimiwa, nimeusoma tena muswada mlionao, kurasa zote, pamoja na mihuri yake. Unaishia juu ya Daraja la Kigamboni. Pantoni tuliiweka siku ya mwisho kabisa, tulipoona hatuna fedha za taa za kuangaza daraja. Na katika muswada huo hakuna mtu anayeitwa Masharubu. Wala hakuna anayecheka. Kicheko ni cha DJ.

Mwalimu wetu alisema mpelelezi mzuri hamshutumu mtu, anauliza tu swali moja dogo kisha ananyamaza. Nami nauliza dogo: ilikuwa flash ya ukubwa gani?

Kwa unyenyekevu naomba yafuatayo. Muuaji wetu arudishwe, hata akiwa bado hana kazi. Namba ya malipo itoke, niwaletee filamu rasmi, ile isiyo na DJ, ingawa nawaonya mapema kuwa mtaiona imepoa. Na kama ofisi ina kasma ya ununuzi wa vifaa vya kazi, ile mia tano iliyolipwa pale nje isiandikwe chai.

Nitafika Alhamisi kama nilivyoelekezwa. Mlinzi ameshaniwekea kikombe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi, benchi la pili kutoka mlangoni.

Nakala:
Mkuu wa Idara, kwa taarifa.
Mmiliki wa kamera, isipokuwa Ijumaa hadi Jumapili.
Kijana wa flash, chini ya mwembe, ambaye bila shaka ataipata barua hii kabla yenu.