Nani Mzazi wa Nondo?

Mkadiriaji majenzi ni mtaalamu anayelipima jengo likiwa bado ni michoro, akaugeuza kila ukuta kuwa mita za mraba na kila nguzo kuwa mita za ujazo, kisha akavipangia bei katika jedwali ambalo wateja na mafundi wa Dar es Salaam hulijua kwa herufi tatu tu, BOQ. Nchini Tanzania kazi hii ina sheria na bodi ya usajili, pamoja na ile ya wasanifu majengo, jambo linaloipa heshima ya kutosha mbele ya watu. Mbele ya kompyuta heshima hiyo haifui dafu, na ndiyo maana mtaalamu aliyesajiliwa, mwenye muhuri na miwani, huweza kukutwa saa tano usiku akibishana na programu kuhusu nani hasa ni mzazi wa nondo.

Swali hilo si la mzaha. Programu za makadirio hutunza gharama kwa ukoo: kila kipengele, yaani mstari mmoja wenye maelezo, kizio, kiasi na bei, huwekwa chini ya kundi, na kundi hilo nalo huweza kuwekwa chini ya kundi jingine linaloitwa mzazi. Mwenye mistari mia kadhaa hawezi kuiburuta mmoja mmoja mpaka kuche, hivyo huikimbilia API, ambayo ni utaratibu wa maombi na majibu unaoiwezesha programu moja kuiagiza nyingine bila mtu kubofya chochote. Ombi husema kipengele fulani kihamie kundi fulani, na jibu husema kimehamia. Iwapo kilistahili kuhamia huko, hilo halimo katika jibu.

Ugumu huanzia kwenye nguzo moja tu ya zege, ambayo katika BOQ huwa mistari mitatu: zege lenyewe kwa mita za ujazo, mbao za kulishikilia zege hadi liwe gumu kwa mita za mraba, na nondo kwa kilo. Mfumo wa Kimarekani wa MasterFormat, uliokuwa na mafungu 16 hadi ulipotanuliwa kuwa 50 mwaka 2004, hupanga kwa aina ya kazi, hivyo mistari yote mitatu huingia fungu la 03 pamoja na zege la msingi na la ngazi. UniFormat, ambao nao ni wa Marekani, hupanga kwa sehemu za jengo, hivyo nguzo hubaki nguzo. Mteja wa Kimara au Mbagala, jijini Dar es Salaam, anayejenga kidogo kidogo kwa kadiri anavyopata ana mfumo wa tatu, ambao haukuchapishwa na taasisi yoyote lakini unajulikana na kila mwenye kiwanja: msingi, boma, lenta, kupaua, na finishingi, hatua ambayo huweza kurithiwa na wajukuu. Programu haina upendeleo, itapanga kwa mfumo wowote itakaoagizwa, na hata kwa miwili ikichanganywa, bila kuuliza.

Mikasa ya kupanga kwa njia hii ina tabia ya kufanana. Namba ya kipengele ikiandikwa 3-10, lahajedwali, yaani jedwali la hesabu la kompyuta, huamua kwa hiari yake kwamba hiyo ni tarehe, na nguzo ya zege hujikuta ina siku ya kuzaliwa badala ya namba. Fungu 03 hupoteza sifuri yake njiani na kuwa 3, fungu ambalo mfumo haulitambui, na hivyo zege lote la jengo hubaki yatima. Mtandao ukikatika baada ya ombi kupokelewa lakini kabla ya jibu kurudi, programu iliyotuma hudhani haikusikika, ikatuma tena, na nyumba ikapata misingi miwili ambayo yote imejumlishwa bei. Kundi likiandikiwa kwa bahati mbaya kwamba mzazi wake ni lenyewe, na programu isiwe na kinga dhidi ya jambo hilo, hesabu ya jumla huzunguka bila kikomo ikimtafuta babu asiyekuwepo. Kuna pia hila ya kurasa: API nyingi hurudisha vipengele kwa kurasa, tuseme mia mia, na asiyeomba ukurasa wa pili hupata makadirio mazuri, ya bei nafuu sana, ya nyumba isiyo na paa.

Jukwaa ambalo mafundi husimama juu yake kazini linastahili aya yake, kwa kuwa linawatumikia wajenzi wa kuta, wapiga plasta na wapaka rangi kwa zamu, ilhali programu hukiruhusu kipengele kuwa na mzazi mmoja tu. Likiwekwa chini ya plasta, plasta huonekana ghali mno. Likigawanywa mara tatu, sehemu hizo hujumlishwa na ile nzima ambayo mtu alisahau kuifuta. Wengi huishia kulipeleka katika kundi la Mengineyo, ambako hukaa pamoja na mshahara wa mlinzi, choo cha muda, tripu za maji na chai ya mafundi. Inafaa kusemwa waziwazi kwamba Mengineyo likishalizidi bei kundi la paa, makadirio hayo hayajapangwa, yamefichwa tu.

Mpangilio ukikamilika, makundi yote yana wazazi halali, jumla zinalingana na programu imerudisha namba 200, ambayo katika lugha ya mitandao humaanisha kwamba ombi limefaulu. Mteja huletewa kurasa hizo zilizopangwa kwa MasterFormat, akazifunua taratibu kwa adabu hadi ukurasa wa mwisho, kisha akauliza swali moja, ambalo hakuna kundi hata moja linaloweza kulijibu: "Sasa, mtaalamu, mpaka kwenye lenta ni shilingi ngapi?"