Mbuzi Aliyekula Teolojia

Mpwa wangu alikuja Kibiti kufanya fildi akiwa na mabegi mawili. Moja lilijaa teolojia aliyoisoma Makumira, chuo cha Walutheri kilichoanzia Lwandai mwaka 1947 na kuhamia Usa River mwaka 1954. La pili lilijaa masomo ya Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mke wangu aliyatazama, akauliza la mchele liko wapi.

Mtaa wetu Waislamu ndio wengi, nikadhani kijana atakosa kazi. Wapi! Jirani akabisha hodi: baba wa mjukuu wake hatoi matunzo. Mpwa akafungua Sheria ya Mtoto ya 2009, akamweleza kwamba mahakama inaweza kumwamuru baba huyo atoe, akamwelekeza kwa afisa ustawi. Biblia hakuigusa, maadili ya kazi hiyo hayamruhusu kumhubiria mwenye shida. Lakini alimsikiliza mpaka chai ikapoa, na hilo, nionavyo mimi, lilitoka begi la kwanza.

Kesho yake baraza likafurika. Mke wangu akapika, akapika tena, kisha akaniita chumbani.

"Baba watoto, nyumba imekuwa ofisi ya kata. Posho yangu analipa nani?"

Nikatoka kutafuta kuni.

Mpwa naye akateremka Nyamisati, akaingia delta kuwaona wakulima ambao mpunga wao ulisombwa na mafuriko ya Aprili 2024. Maji yakapwa, mtumbwi ukanasa kwenye tope la mikoko. Alirudi usiku, matope hadi kiunoni, madaftari chapachapa, na nyuma yake babu mmoja na mjukuu wasio na pa kulala. Mke wangu aliwatandikia sebuleni bila kuuliza. Asubuhi akaanika madaftari uani, jamvi moja na uduvi.

Mbuzi wa jirani akaruka ua. Akala Kigiriki cha Agano Jipya, akala historia ya Kanisa, akamalizia na mahubiri. Kuku wakagombea uduvi, wakachanachana tathmini za kaya. Sheria ya Mtoto ikapona.

"Basi mbuzi wangu sasa mchungaji," jirani akasema, akatuletea pishi ya mchele kutuliza mambo.

Ripoti ilikwenda chuoni ikinuka uduvi. Babu bado yuko sebuleni. Nawe msomaji, ukiletewa ndugu anayesomea vyote viwili, mpokee kwa mikono miwili; ila mchele nunua gunia zima, usipime kwa kilo.